Mke Aliyegeuzwa Dada

"Huyu ni dada yangu," alisema Edson Bujiku.

Ndiyo, msomaji, hukukosea kusoma. Wiki nzima mmenisimamisha barabarani kuniuliza mwanamume huyu atajibu nini, na hicho ndicho alichojibu, bila kupepesa macho, huku mkewe wa ndoa amesimama kando yake na begi la nguo za wawili.

Kwa aliyetukuta njiani: Edson ana maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na karasha la kusagia mawe huko Geita, na anaishi Kalangalala na mkewe Lusia. Davis, mtoto wao wa kwanza, aliwalipia wazazi wake zawadi ya miaka ishirini ya ndoa: walale siku moja Shamba la Kana, nje kidogo ya Ushirombo, wanywe mvinyo, wapumzike kama wachumba. Lusia aliificha safari hiyo mpaka mwisho, akimwelekeza njia tu. Edson alijua wanakokwenda pale gari lilipokata kona ya mwisho, na kuanzia hapo shati lake lilianza kulowa jasho.

Mwenye shamba ni Mama Apolonia, mjane mcha Mungu, asiyempa mtu chumba cha wawili mpaka ahakikishe ndoa yake ni ya kanisani. Alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akasema: "Bwana Edson, mke wako ninamfahamu. Ulikuja naye mwezi wa pili. Sasa huyu ni nani?"

Lusia alimtazama mumewe. Alitegemea acheke, aseme mama amechanganya watu. Edson hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba, na aliyaondoa huko kwa shida, ndipo akatoa jibu lile la dada.

"Dada yako kabisa? Baba mmoja, mama mmoja?" aliuliza Mama Apolonia.

"Baba mmoja, mama mmoja."

Mama Apolonia alimwangalia huyu, akamwangalia yule. "Hamfanani."

Lusia alikuwa na maneno ya miaka ishirini kooni. Yangetoka yote, kile kibaraza kisingetosha. Lakini lililotoka lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Mimi nilimfuata mama," alisema. "Huyu sijui alimfuata nani."

"Na mkubwa ni nani kati yenu?"

"Ni mimi," alisema Lusia, kabla Edson hajavuta pumzi.

"Mbona unaonekana mdogo kwake?"

"Uongo unazeesha, mama. Na mdogo wangu aliuanza mapema."

Mama Apolonia alicheka mpaka funguo zikalia mkononi. Akasema kwake dada mkubwa ni mzazi, na mzazi halali pabaya. Akampa Lusia chumba kilichoandaliwa kwa ajili ya maharusi, chenye dirisha la kuangalia mizabibu na maua mekundu yaliyomwagwa kitandani. Edson alipelekwa kando ya ghala la mapipa, kwenye chumba chenye kitanda cha chuma wanacholalia vijana wa seminari msimu wa mavuno.

Dakika chache baadaye Edson alikuwa mlangoni kwa Lusia, ananong'ona.

"Mke wangu, nisikilize."

"Mke wako alikuja mwezi wa pili. Nimesikia."

"Lusia, si unavyofikiri. Nilikuwa na shughuli huku. Yule mama ana masharti, hazungumzi na mwanamume asiye na mke. Nikamwomba mtu anisindikize."

"Nani?"

"Mtu tu."

"Na huyo mtu tu alilala wapi? Kwenye mapipa?"

Edson alikuna shingo. Alikuwa na namna yake ya kuhama kwenye swali, na Lusia aliijua: kwanza anakuna shingo, halafu anawataja watoto.

"Hili ni jambo la watoto," alisema. "Nikimwambia mama huyu kwamba nilimdanganya, kila kitu kimekwisha. Vumilia leo tu. Kesho tunaondoka, nitakueleza yote."

Lusia aliegemea mlango. Angeweza kupiga kelele, na Mama Apolonia angesikia, na mambo yangeishia hapo. Lakini angerudi Kalangalala na nini? Na kilio, na mume ambaye angekuwa na safari nzima ya kutunga hadithi nyingine.

"Sawa," alisema. "Lakini dada mkubwa anaamkiwa."

"Nini?"

"Niamkie, Edson."

Edson alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. "Shikamoo," alisema kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Shikamoo nani?"

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ukitoka funga mlango."

Alipobaki peke yake, Lusia aliyasukuma maua yale pembeni, akakaa kitandani. Ndani ya begi kulikuwa na gauni la kulalia alilolinunua Mwanza kwa ajili ya siku hii. Alilitoa, akalitazama, akalirudisha. Akalia kidogo, bila sauti, jinsi wanavyolia watu waliozoea nyumba yenye watoto. Kisha akanawa uso, akapaka wanja upya, akatoka kwenda kunywa mvinyo. Ulikuwa umeshalipiwa.

Jua lilikuwa halijazama. Akiwa kwenye ngazi alimwona Edson peke yake chini ya kile kilima. Aliinama, akaokota jiwe, akalitemea mate, akalisugua kwenye suruali yake nzuri ya kitambaa, akaliinua juani.

Lusia alisimama palepale. Alimjua mtu yule. Alimwona akifanya hivyohivyo enzi ambazo hakuwa hata na viatu, mchimbaji mwenye nyundo ya kuazima, aliyemwambia siku moja nitakuoa kwa jiwe kama hili. Mtu hatemei mate jiwe la shamba la zabibu bila sababu.

Kwa hiyo jambo la watoto lilikuwa dhahabu.

Barazani palikuwa na wageni wengine watatu. Wawili walikuwa vijana wa Kahama waliooana karibuni, ambao hawakunywa glasi hata moja kabla ya kuipiga picha. Wa tatu aliitwa Thobias Ngassa, mgane wa makamo, mwenye maroli ya mizigo Isaka, aliyekuja kuchukua mvinyo wa harusi ya mwanawe. Alivaa kofia ya pama na hakuwa na haraka na lolote.

Mama Apolonia aliwafundisha namna ya kuonja. Unazungusha glasi, unanusa, unafumba macho, unasema unachokisikia.

Edson alizungusha glasi mpaka akajimwagia. Akanusa kwa muda mrefu, kama anavyowaona matajiri wakifanya kwenye televisheni. "Nasikia zabibu," alisema.

"Mimi nasikia siki," alisema Thobias. Kisha akamgeukia Lusia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na wewe, mayu, unasikia nini?"

Lusia alishika glasi asijue la kusema. Haikuwa kwa sababu ya mvinyo. Kwa miaka ishirini, kila walipokaa mezani mbele ya mhudumu, Edson alisema, "Mimi bia, huyu mletee soda ya machungwa." Hakuwahi kuulizwa kama anaipenda. Hakuipenda.

Alikunywa taratibu. "Unaanza kwa ukali," alisema, "halafu unajuta."

Thobias alicheka, akavua kofia, akaiweka mezani.

Chakula kilipokuja, sato wa kuchemsha na wali, Mama Apolonia alimkalisha dada mkubwa karibu naye. Alitaka kujua Edson alikuwa mtoto wa namna gani.

"Mzito wa kuelewa," alisema Lusia, "lakini mwepesi wa kula. Na alikojoa kitandani mpaka darasa la tano."

Hayo hayakuwa maneno ya kubuni. Aliambiwa na mama mkwe wake mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, na aliyatunza vizuri. Bi harusi wa Kahama alijificha nyuma ya leso kucheka.

"Dada, inatosha," alisema Edson.

"Akiwa na homa anamwita bibi yake. Mpaka leo."

"Dada."

"Mkewe ana kazi," alisema Mama Apolonia.

"Mkewe?" Lusia alikuwa anachambua miba ya samaki kwenye sahani kubwa ya katikati, macho yakiwa kwa mwenyeji wake. "Mimi na huyo mkewe hatupatani sana, mama. Hebu niambie wewe ulimwonaje."

"Binti mpole. Mwembamba, ana mwanya. Alisali kabla ya kula, halafu akaimba wimbo wa Bikira Maria mpaka machozi yakanitoka. Jina lake zuri. Loveness."

Vidole vya Lusia vilisimama ndani ya samaki.

Loveness alikuwa muuzaji kwenye duka la vitenge. Duka lipi? La Lusia, palepale Kalangalala. Ni Lusia aliyemtoa kwao, akampa chumba cha uani, akampeleka kwenye kwaya. Mwezi wa pili Loveness alikuja analia, kafiwa na shangazi yake, na Lusia akampa ruhusa, rambirambi na kanga mpya ya msibani. Shangazi huyo, inavyoonekana, alizikwa hapa Shamba la Kana, baina ya mvinyo mweupe na mvinyo mwekundu.

"Ndiye niliyemfurahia," aliendelea Mama Apolonia. "Maana kaka yako anakitaka kilima changu kile. Anasema atapanda zabibu. Nikamwambia, kilima aliniachia marehemu mume wangu, simpi mtu ambaye nyumba yake haijatulia. Mwanamume anayemheshimu mkewe ndiye atakayeheshimu ardhi yangu."

Lusia alimtazama Edson upande wa pili wa meza. Mwanamume huyu alishindwa kukuza mchicha. Walipopewa ua la chungu siku ya kuhamia nyumba mpya, alilimwagia soda likafa. Sasa alikuwa anamwangalia mkewe kwa macho ya kuomba, na kichwa kinatikisika kidogo sana, hapana, hapana.

Lusia alifungua mdomo aseme. Thobias akakohoa.

"Bwana Edson," alisema Thobias, "mimi ni Msukuma wa ng'ombe, sijui kuzunguka. Mke wangu alinitangulia mwaka juzi. Nimekaa hapa na dada yako jioni moja, nimecheka kuliko mwaka mzima. Nauliza mbele ya mama mwenye nyumba, ili nisionekane mhuni. Dada yako ana mume?"

Vijana wa Kahama waliweka simu chini.

Angalia hapo, msomaji. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja lingetosha, na hakuna mwanamume duniani ambaye angelaumiwa kwa kulisema. Lusia mwenyewe alilisubiri. Alisubiri zaidi ya alivyotaka kukubali.

"Alikuwa naye," alisema Edson.

"Alifariki?"

"Hapana. Hayupo tu."

"Ni kweli," alisema Lusia. "Hayupo."

"Basi naanza kwa ndugu yake, kama inavyotakiwa," alisema Thobias. "Ng'ombe ishirini."

Edson alipaliwa na wali. Bwana harusi wa Kahama alimpiga mgongoni.

"Mzee wangu, mambo haya hayaendi hivi," alisema alipopata sauti.

"Thelathini. Na wote nawaleta kwa roli langu mwenyewe."

Na hapo Lusia aliona jambo ambalo hatalisahau. Macho ya mumewe yaliganda hewani, midomo ikacheza kidogo. Lusia alizijua dalili hizo pia. Ndivyo Edson anavyokuwa mnunuzi anapomtajia bei ya gramu.

Alikuwa anapiga hesabu.

"Tutalizungumza kama familia," alisema Edson.

Mama Apolonia alipiga makofi, akasema Mungu hutenda kazi popote. Lusia alisimama, akaaga kwa adabu, akaenda kulala katikati ya kile kitanda kikubwa, mikono na miguu kila upande.

Asubuhi alitembea peke yake kwenye mizabibu. Thobias alikuwa ameshafika, amejiinamia anaangalia mizizi kama mtu anayekagua matairi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Lusia hakutaka kuivuta zaidi salamu hiyo ya Kisukuma. Alikuwa ameamka na uzito moyoni, na uzito huo haukuwa wa Edson peke yake. Mtu huyu alimheshimu, naye alikuwa amemchezea. "Baba, nina neno la kukuambia. Mimi si dada yake."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu samaki. Ulimchambulia miba yote, ukaweka minofu upande wake wa sahani, huku unaongea na mama. Hukuangalia hata mikono yako. Mtu hamfanyii hivyo kaka yake mwenye ndevu."

Lusia alitazama vidole vyake. Hakukumbuka kabisa kufanya hivyo. Usiku ule ule ambao alitajiwa Loveness, mikono yake ilikuwa imeendelea kumlisha mtu yule.

"Na ng'ombe?"

"Nilitaka kuona mume atavumilia mpaka ng'ombe wa ngapi."

"Na umeona."

"Mayu," alisema Thobias, na akavua kofia, "aliwavumilia wote."

Lusia alicheka. Kisha kicheko kikakwama, akageukia upande wa kilima mpaka alipoweza kupumua vizuri. Thobias hakumgusa wala hakumwambia pole. 

"Nilikosea kufanya mzaha na nyumba ya mtu," alisema Thobias baadaye. "Tukikaa kwenye chai nitaifuta kauli yangu mbele ya mama."

"Usiifute."

"Kwa nini?"

"Bado sijui," alisema Lusia. "Lakini usiifute."

Hakuhitaji kusubiri sana ili ajue. Kwenye chai Mama Apolonia alikuja amevaa rozari shingoni na uso wa mtu aliyeongea na Mungu akajibiwa.

"Nimesali," alisema. "Jumapili ijayo nakuja Kalangalala pamoja na Bwana Thobias. Yeye kwa ajili ya posa, mimi kwa ajili ya kilima. Nitakula chakula cha nyumbani kwako, Bwana Edson. Nataka nimwone mkeo jikoni kwake, na dada yako akiwepo, na watoto. Nikikuta nyumba imetulia, kilima ni chako siku hiyohiyo."

Edson aliweka kikombe chini ili kisigonge sahani. "Karibu sana, mama," alisema. "Nyumba yetu imetulia."

Thobias alikuwa anapaka siagi mkate. Alimtazama Lusia mara moja, kisha akaendelea kupaka.

Waliondoka baada ya chai, wakapita Runzewe. Edson alishika usukani kwa mikono miwili. Lusia alihesabu vibanda vya mahindi ya kuchoma ili asiwe wa kwanza kusema.

"Ni siku moja tu," alisema Edson hatimaye.

"Siku moja ya nini?"

"Ya Loveness kuwa pale. Aje Jumapili, apike, awakaribishe wageni, waondoke. Lusia, hujaona mawe yale. Dhahabu inaonekana kwa macho, huhitaji hata kusaga. Ni kilima kizima. Tukikipata, mimi na yule msichana basi, namrudisha kwao. Nitakujengea Mwanza. Ufukweni."

Lusia aliangalia barabara. "Loveness apike jikoni kwangu."

"Au upike wewe, yeye apakue. Mapishi yako ni mazuri zaidi."

"Na picha ya harusi ya sebuleni?"

"Tutaishusha. Tutaweka ya Baba Mtakatifu."

"Umefikiria yote."

"Sikulala, Lusia. Kitanda chenyewe cha chuma."

"Na watoto? Yule mdogo hajui kuficha neno."

Edson alikuna shingo. "Nao tutawafundisha," alisema. "Wewe watakuita shangazi. Kwa siku hiyo tu."

Alilisema kwa upole kabisa, jinsi mtu anavyomwomba mwenzake amsogezee chumvi. Hakuwa hata na aibu ya kupunguza sauti. Na Lusia, aliyekuwa amevumilia dada, na ng'ombe, na Loveness na shangazi yake marehemu, alisikia kitu ndani yake kikitulia kabisa, kama karasha linapozimwa na masikio yakabaki yanavuma.

"Tukifika Katoro, kata kushoto," alisema. "Tunampitia mama."

Mama mwenyewe ni Mariana, mama mzazi wa Edson, mjane ambaye wafanyabiashara wa Katoro wanampisha njia hata akiwa hana haraka. Hakuzaa mwingine ila Edson, na ndiye mtu pekee aliyewahi kumchapa mbele ya wachimbaji wake, akiwa tayari ana gari. Lusia alimpenda. Alipojifungua Davis, Mariana ndiye aliyemkanda na kumwogesha. Kama kuna mtu wa kusimama naye Jumapili ijayo, alijua ni huyu.

Edson alianza kusema kwamba mafuta hayatoshi, mara wamechelewa, mara mama huenda amekwenda misa ya pili. Lakini mkono wa Lusia ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango wa gari, na gari lilikuwa bado linakwenda. Edson akakata kushoto.

Walimkuta Mariana amekaa barazani anapepeta mchele kwenye ungo. Lusia alipiga magoti kama ilivyo desturi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hamkutoa taarifa?"

"Nimekuja kukualika. Jumapili ijayo tuna ugeni wa posa nyumbani. Mwanao anaoza."

"Anaoza?" Mariana alimtupia jicho mwanawe, aliyekuwa bado amesimama karibu na gari, na kwa jinsi alivyomtazama ungedhani amelisikia neno hilo kwa maana zake zote mbili. "Anamwoza nani? Binti yenu bado mtoto wa shule."

"Ananioza mimi, mama. Ng'ombe thelathini, kwa mtu wa Isaka. Na nyumba atabaki nayo Loveness."

Alisubiri ungo uanguke. Alisubiri mkongojo utafutwe, na jina la Edson liitwe kwa sauti ile ambayo majirani hutoka nje kuisikiliza.

Mariana aliendelea kupepeta. Pumba zikapeperuka, mchele ukabaki. Alitoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine. Alikuwa hamtazami Lusia.

"Nilimwambia akwambie mapema," alisema. "Tangu Pasaka nilimwambia."

Lusia alibaki na magoti chini. Kwanza hakuelewa. Kisha pazia la mlango likasogea, na Loveness akatoka ndani na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia. Alikuwa peku, kama mtu aliye kwao. Gauni lake lilikuwa pana, lakini halikuwa pana vya kutosha. Mbele lilikuwa limeinuka, na alitembea ameegemea nyuma kidogo, kwa uangalifu, jinsi Lusia mwenyewe alivyotembea kwenye baraza hilihili akiwa na mimba ya Davis.

Tangu Pasaka alikuwa ameaga dukani kwamba anauguza ndugu yake; sasa alipomwona bosi wake alisita. Akamtazama Mariana. Mariana akamwitikia kwa kichwa kumwambia endelea.

"Karibu, Mama Davis," alisema Loveness, kama mwenyeji anavyomkaribisha mgeni. "Nikuwekee sukari kiasi gani?"

Kule kwenye gari, Edson alikuwa ameinamia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Lusia aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi magotini, moja baada ya jingine. Akavuta kigoda, akakaa. Akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Kidogo tu," alisema. "Na wewe kaa hapa karibu yangu, Loveness, usisimame sana na hali hiyo. Jumapili ijayo utakuwa mke wa Edson mbele ya wageni wazito. Nataka nikuambie kila kitu utakachowajibu."